Uvundo Usio na Mwenyewe

3 Machi

Kwako Baba Chiriku,

Salamu, kama bado unazipokea zikitoka kwangu. Habari za hapo, na habari za kichwa? Sisi huku kwa mama yangu hatujambo. Chiriku ameota jino jipya pale lilipong'oka la utoto, na mdomo wake haujapata hata dakika ya kupumzika, unamjua. Mimi nakula, nalala, nasuka nywele za watu. Ukiniuliza kama ni mzima nitasema mzima, maana ndivyo watu wanavyojibu.

Nakuandikia kwa sababu simu haina faida. Uliniambia mwenyewe kwamba tangu utoke hospitali, neno ukilisikia kwenye simu, ukikata tu limeshaondoka, lakini lililoandikwa unalirudia mpaka likae. Basi hili lirudie mpaka likae. Dereva anayeleta sponji hapo kwenye karakana yako ya makochi amekubali kukupa mkononi, asimpe ndugu yako.

Ulianza na homa. Siku iliyofuata ukaniomba nikuletee kiatu unywe maji. Nikacheka. Ulimaanisha kikombe. Kufika jioni ulikuwa hunijui, mwili umekakamaa, povu mdomoni, na daktari akasema ubongo umevimba. Mimi nilikuwa najua mguu huvimba, shavu huvimba. Ubongo! Ulilala wodini wiki na wiki. Nani alikuwa nawe? Mama yako alikuja akasimama mlangoni, kitambaa puani, akaondoka akisema harufu ya hospitali inampandisha presha. Ndugu yako alikuja kuuliza ufunguo wa karakana uko wapi. Mimi ndiye niliyekufuta mavi, Baba Chiriku. Nilikufuta kwa mkono huu ninaoandikia, bila kushika pua, na nilikuwa nakuimbia. Matapishi yako niliyakinga kwa viganja beseni lilipokuwa mbali. Sikuona kinyaa. Naapa sikuona. Ulikuwa mume wangu na ulikuwa hai, basi.

Halafu wewe, tumesharudi nyumbani. Mbele ya mama yako, mbele ya ndugu yako, mbele ya mtoto. Nimekuinamia nikuwekee chakula, ukanisukuma kwa kiwiko, ukanitapikia kifuani, ukasema: "Mwondoeni huyu mwanamke, ananuka mzoga."

Na mama yako akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyelisubiri neno hilo tangu siku ya harusi.

Ndiyo maana nimeondoka. Sikukimbia ugonjwa wako, nisikilize vizuri, usije ukaambiwa vingine. Ugonjwa nilikuwa nimeuzoea. Nimeondoka kwa sababu nilijisafisha matapishi yale peke yangu bafuni, na katika nyumba nzima hakuna aliyeniletea hata taulo.

Nijibu au usinijibu.

Mkeo,
Mama Chiriku


14 Machi

Mama Chiriku, mke wangu,

Ningekuamkia shikamoo kama ingefaa, maana leo najiona mdogo mbele yako. Habari za huko? Mama mkwe mfikishie shikamoo yangu kwa heshima zote, hata kama ataitupa nje. Mimi naendelea. Mkono wa kulia unatetemeka asubuhi, mchana unatulia. Maneno mengine yananitoroka, nayatafuta chini ya meza, nayapata kesho yake. Kwa hiyo usishangae mwandiko kupanda na kushuka, barua hii nimeiandika vipande vipande.

Yako nimeisoma mpaka imekaa. Nikuambie ukweli: sikumbuki. Nakumbuka sahani, nakumbuka mkono wako, kisha nakumbuka nimelala. Nilipoamka niliambiwa umeondoka. Nikauliza kwa nini, Mama akasema, "Mwache, shida zimemshinda." Kwamba nilikutapikia nimelijua kwako. Nilisoma mstari ule nikaenda kukaa nyuma ya karakana, kwenye vyuma vya makochi mabovu, mpaka mdogo wangu akaja kunifukuza nisikae juani.

Sasa nami nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Si wewe peke yako.

Niliporudi nyumbani pua ilikuwa imekufa kabisa. Unakumbuka maziwa yaliungua nikiwa nimekaa kando yake, nakutazama tu unavyofoka. Baadaye ikafufuka, na ikafufuka vibaya. Chai inanuka. Kitunguu kikiguswa na mafuta ya moto nakimbia. Sabuni, mkate, dawa ya meno. Mafuta ya nywele. Jasho la mtu yeyote yule. Kila kinachonukia kwa watu, kwangu kinanuka, na uvundo wenyewe ni mmoja. Unalikumbuka kochi la yule bibi tajiri, nililolifungua mbele yako tukakuta panya amefia ndani na watoto wake, wamegandana na sponji? Ulitoka mbio. Mimi nilicheka, nikawang'oa kwa koleo, nikanawa, nikala chakula changu cha mchana palepale. Miaka yote hii nafungua makochi ya watu. Nimekuta mikojo, nimekuta meno ya bandia, nimekuta na vitu ambavyo sitakuandikia. Sijawahi kumwonea mtu kinyaa. Mwili ni mwili. Sasa yule panya yumo kwenye kila kitu. Yumo kwenye mto ninaolalia. Nikipeleka mkono usoni, yumo mkononi mwangu.

Wewe ulikuwa karibu yangu, wengine walisimama mbali. Ndiyo maana tusi lilikuangukia wewe.

Sikuombi urudi. Nakula viazi vya kuchemsha vilivyopoa, nashushia maji. Chakula nakionea kinyaa, watu nawaonea kinyaa, na zaidi ya wote najionea kinyaa mwenyewe. Urudi kwenye nini?

Mumeo,
Baba Chiriku


29 Machi

Baba Chiriku,

Salamu. Mama amepokea shikamoo yako, akasema marahaba, kisha akaongeza neno lingine ambalo kalamu yangu imelikataa. Afya zetu si mbaya, ila mimi nina vidonda mgongoni na kwapani. Utauliza vya nini. Vya dodoki.

Tangu nifike huku najisugua. Najua sinuki. Wateja wananilalia mapajani ninapowasuka, wengine wanasinzia kabisa, na hakuna aliyewahi kuziba pua. Najua, na bado najisugua. Nimebadilisha sabuni mpaka mwenye duka anadhani nafua nguo za mtaa mzima. Kisha nikanyoa nywele. Zote. Maana hata kabla ya siku ile ulikuwa ukinung'unikia mafuta ya nywele. Umewahi kumwona msusi mwenye kipara? Wateja wananiuliza kama nimefiwa. Nawajibu ndiyo, nimefiwa na pua ya mume wangu.

Halafu nasoma barua yako kwamba ni chai, ni kitunguu, ni dawa ya meno. Ulidhani nitafurahi? Nilikasirika kuliko mwanzo. Kwa hiyo ulijua! Kabla sijafunga mzigo ulijua kwamba hata mkate unanuka, ukanyamaza. Ukamwachia mama yako aende akiongea mtaani kwamba nilikutilia kitu kwenye chakula ndicho kinachooza ndani yako. Umenibebesha uvundo usio na mwenyewe. Wanasema mavi ya kale hayanuki. Waje wanuse kwangu.

Hilo ni langu, nitalibeba. La Chiriku silibebi. Juzi mwalimu wake aliniita. Mtoto anakataa kukaa dawati moja na wenzake, anajitenga nyuma kabisa, karibu na dirisha, na akiulizwa hasemi. Chiriku asiseme! Nilimwogesha, nikamuuliza polepole, akaniambia: "Mama, baba alikuwa akinibeba anageuza shingo. Mimi ndiye ninayenuka. Wewe ulinuka kwa sababu unanibeba."

Anajinusa kwapa kabla ya kutoka nyumbani. Mtoto ambaye bado anaamini mwezi unamfuata.

Kama unanitaka au hunitaki, hilo liweke kando. Waambie watu wako ukweli, wote, kwa mdomo wako. Sema ni kila kitu. Mpaka utakaposema, usiniandikie.

Mama Chiriku


6 Mei

Mama Chiriku,

Habari za siku nyingi? Natumai vidonda vimeanza kukauka na mtoto hajambo. Mimi nipo, nimepungua mwili, suruali naishikilia kwa kamba. Nakuandikia kwa sababu nimesema. Nimechelewa, na nilivyosema sivyo nilivyokusudia, lakini nimesema.

Kwanza ujue kwa nini nilinyamaza. Niliogopa wataniita kichaa. Mtu akisema chai inanuka mzoga, sabuni inanuka mzoga, utamwitaje? Nikaona afadhali nionekane mgonjwa wa tumbo. Nilijificha nyuma yako kama mtoto anavyojificha nyuma ya mama yake, nawe ndiye uliyepigwa.

Ilikuwa hivi. Mama alimleta binti wa rafiki yake aje "kunipikia". Ndilo neno alilotumia. Binti mwenyewe hana kosa, ana adabu zake, ameoga, amejipulizia manukato kama mtu anayeagwa. Mama akamkalisha ubavuni mwangu, akaniuliza kwa sauti ya kubembeleza: "Na huyu je, mwanangu? Huyu ananukia, sivyo?"

Nilikaza meno. Nikafikiria springi, nikafikiria misumari, vitu visivyo na harufu. Haikusaidia. Nilimtapikia viatu, mke wangu. Vilikuwa vyeupe.

Mdogo wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mama akasema, "Mnaona? Yule mwanamke amemfunga, asikae na mwingine." Hapo nikasimama. Nikasema: "Hakuna aliyenifunga, Mama. Ni kichwa changu. Chai inanuka, sabuni inanuka, mkate unanuka. Mke wangu alinuka kama vitu vyote, wala si zaidi. Hata wewe, Mama, unanuka. Tangu nitoke hospitali, kila ukinikumbatia nashikilia pumzi."

Yule binti alivua viatu akaondoka navyo mkononi. Mama akanusa kiganja chake mwenyewe, hivi, kwa siri, kisha akaingia chumbani kwake. Tangu siku hiyo hanisemeshi zaidi ya salamu. Nilitaka kusema kweli nikaishia kumdhalilisha aliyenizaa. Lakini sasa wanajua.

Nina jingine linalonikaba. Tangu niugue mdogo wangu ndiye anayeendesha karakana, na sikumnyima, nani angefanya? Wiki hii nimemwona akijaza makochi mapya. Sponji anayojazia si hii anayoleta dereva. Anachukua ile tunayong'oa kwenye makochi mabovu, yenye mikojo ya watoto na ya wazee, yenye kunguni, anaianika juani, anaikata vizuri, anaivalisha kitambaa kipya na kuipiga pini kwa ile bunduki yetu. Watu wanakwenda kulaza vichwa vyao hapo. Nikamwambia mbele ya wateja, "Hii ni chafu, inanuka." Akawageukia, akatabasamu kwa upole, akasema: "Msimjali kaka, aliugua kichwa. Kwake kila kitu kinanuka."

Wakanitazama kwa huruma, wakabeba kochi lao.

Niliyoyaogopa ndiyo yamenipata. Uvundo wa kweli ukija sasa, nani ataniamini? Hata mimi sijiamini. Ila macho yangu hayakuugua, na madoa niliyaona. Lipo kochi linalosubiri kuchukuliwa na mama mmoja mwenye mtoto mchanga.

Nisalimie Chiriku. Mwambie... neno limenitoroka. Wewe utalijua.

Mumeo,
Baba Chiriku


19 Mei

Baba Chiriku,

Salamu, bila mzunguko. Dereva wa sponji amefika leo hana barua yako, ana maneno tu. Anasema ulilichana kochi kwa kisu mbele ya yule mama, ukamwaga ya ndani sakafuni, kunguni wakatawanyika, mama wa watu akapiga kelele huku amemwinua mtoto juu. Anasema baadaye ukashika pua kwa mikono miwili, macho yakageuka, ukaanguka katikati ya uchafu ule ukawa unajipigapiga. Na ndugu yako akawaambia watu, "Si mmeona wenyewe? Kichaa," akakuruka kama gunia kwenda kuwatuliza wateja. Dereva ndiye aliyekulaza ubavu na kukipeleka mbali kile kisu.

Uko wapi? Simu yako anapokea ndugu yako, ananiuliza, "Unataka nini, si ulitoroka?" Nimemtukana. Tangu niolewe sijawahi kumtukana shemeji yangu. Nimemtukana mpaka mama yangu akaja kusikiliza, akaniongezea maneno.

Andika hata neno moja.

Mama Chiriku


2 Juni

Baba Chiriku,

Hujambo? Nauliza kama watu wanavyouliza. Bado hujajibu. Dereva anasema umelazwa, anasema hujafumbua macho vizuri, kisha anatazama pembeni.

Ningekuja. Mzigo niliufunga, nikaufungua. Nikija nitakukuta umelala, nitakufuta tena, nitakuimbia tena, na siku utakayofumbua macho utanitapikia tena. Mara moja niliweza. Mara ya pili sina nguvu. Ukifa nitajichukia maisha yangu yote, na ukipona nitabaki nimekukasirikia. Basi pona, nikukasirikie.

Mama Chiriku


22 Juni

Mke wangu,

Salamu nyingi. Niko hai, nianze na hilo. Barua zako mbili nimezisoma pamoja, dereva alizitunza kwenye shati lake mpaka nilipoweza kusoma. Nimetoka hospitali. Naishi kwake, yeye na mkewe wamenipa chumba cha pembeni chenye upepo. Kwa Mama sirudi. Alikuja wodini mara moja, akasimama mlangoni, safari hii bila kitambaa. Hakuingia. Nadhani aliogopa nitashikilia pumzi.

Daktari wa sasa ni mama mmoja mkali, hapendi habari za kuzunguka, lakini alinisikiliza mpaka mwisho, na ni wa kwanza kufanya hivyo. Nikamweleza habari ya panya. Hakucheka. Akasema: "Pua yako haina kosa. Harufu inaingia salama, inapanda mpaka ubongoni, na pale inapopewa jina pana kovu. Ni kama una mkalimani mbaya. Mtu anasema karibu, yeye anakutafsiria tusi."

Tena akasema ule uvundo ukinijia ghafla, mkali, bila kitu chochote karibu, hiyo si harufu, ni kifafa kinapiga hodi. Nikae chini, nilale ubavu, nisiwe na kisu mkononi. Amenipa dawa za kumeza maisha yote. Mashine sizigusi tena, wala ngazi sipandi. Nikamuuliza, "Na huu uvundo wa kila siku utaisha lini?" Akasema, "Unaweza kupungua. Unaweza usiishe. Sikudanganyi." Nilimheshimu kwa hilo, ingawa nilipotoka nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Yule mama mwenye mtoto mchanga alikuja kuniona. Hakuwa na maneno mengi. Alisema lile kochi alilibeba hivyo hivyo lilivyochanika, akalichoma moto, akaniachia chungwa. Nalo lilinuka, lakini nililiweka kitandani. Mdogo wangu bado anashona na watu bado wanamwendea. Sina nguvu ya kupambana naye. Nikimfikiria napata kichefuchefu ambacho daktari hana jina lake.

Nina ombi. Nataka kumwona Chiriku. Nataka ajue kwamba si yeye. Sijui nitafanyaje, maana nami sitaki kukudanganya: mwanangu ananuka kwangu, na naandika hili nikiwa nimeinamisha kichwa. Lakini nataka kuja.

Baba Chiriku


1 Julai

Baba Chiriku,

Salamu. Nimefurahi kwamba uko hai. Nimeliandika neno hilo nikalitazama, nikataka kulikata, nimeliacha.

Njoo. Ila ujue unakuja kwa mtoto, huji kwangu. Utakaa kwenye benchi la nje ninaposukia, pana upepo. Pua usizibe mbele yake. Shingo usigeuze. Ukizidiwa kuna ukuta nyuma ya nyumba, nenda huko na useme ni safari imekuchosha. Ukigeuza shingo hata mara moja nitakutoa mwenyewe, na usinione mwembamba, nilikubeba ukiwa mzito kama maiti. Zawadi usilete. Mama yangu atakuwepo, na ulimi wake ameunoa.

Mama Chiriku


10 Julai

Mke wangu,

Salamu. Nimerudi kwa dereva, na dawa nimemeza. Natumai niliwaacha salama.

Nimeshindwa, najua. Uliniambia mtoto asijue, nami nilikimbia, akanifuata, akaniona. Kuanzia pale ukutani kuna ukungu. Nakumbuka mkono mdogo mgongoni, basi. Sijui nilimwambia nini. Kama ni neno baya niambie, nisiendelee kujiona mtu. Sitakuja tena mpaka uniite, na usiponiita nitaelewa.

Baba Chiriku


28 Julai

Baba Chiriku,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama yangu naye amesema nikuandikie zake, jambo lililonishangaza hata mimi. Hatujambo. Vidonda vimepona, nywele zimeanza kuota na zinawasha.

Nimekawia kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nielewe niliona nini. Kwa kuwa wewe hukumbuki, nakusimulia, ubaki nayo kwa maandishi.

Ulikaa kwenye benchi. Chiriku alisimama mlangoni, anajinusa bega kwa siri. Ukamwita, hakuja. Ukamwita tena, ukapiga paja lako kama zamani. Akaja, akakaa kwenye ncha ya goti kama mtu anayekalia kiti kilicholowa. Ukamvuta kifuani. Mimi nilikuwa na kichwa cha mteja mikononi na nilikuwa nimeacha kusuka. Nilikuona unavyobadilika. Jasho lilikutiririka mpaka kidevuni, mishipa ya shingo ikasimama, macho yakajaa maji. Shingo hukugeuza. Uliweka uso wako katikati ya nywele zake, ndani kabisa ya huo uvundo wako, ukavuta pumzi. Mteja akaniuliza, "Yule baba anaumwa?" Nikamwambia, "Sana."

Akakumwagia habari zote: mwalimu, jino, paka wa jirani aliyezaa ndani ya beseni letu, watoto wake wakoje, kila mmoja na rangi yake. Ulisikiliza mpaka paka wa mwisho. Ndipo ukamshusha taratibu, ukakimbilia ukutani. Akakufuata, nami nyuma yake.

Ulitapika kama mtu anayetoa roho. Akakuwekea mkono mgongoni, akauliza, "Ni mimi, baba?"

Haya ndiyo uliyomjibu, nayaandika kama ulivyoyasema: "Si wewe. Ni kichwa changu, kimeharibika. Kwangu kila kitu kinanuka, hata mimi mwenyewe."

"Hata sabuni?"

"Hata sabuni."

"Hata maua?"

"Hata maua."

"Hata bibi?"

Ukafuta mdomo, ukatazama dirishani alikokuwa mama yangu, ukasema, "Bibi hasa."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mama alisikia kila kitu. Nilidhani utatolewa kwa mwiko, kumbe tangu siku hiyo anamsimulia kila jirani kana kwamba amesifiwa.

Kisha mtoto akaanza kukuletea vitu unuse: ganda la ndizi, kichana changu, kiatu chake, daftari la hesabu. Kila kimoja unanusa, unakunja uso, unasema "panya," naye anaruka juu. Midomo yako ilikuwa imekauka. Nikataka kumzuia. Ukanipungia mkono nimwache.

Kesho yake alikaa katikati ya wenzake darasani. Mwalimu anasema amelitangazia darasa zima kwamba baba yake ana kichwa kilichoharibika na wao wote wananuka panya. Kuna mzazi amekuja kulalamika.

Sasa mimi. Usidhani nimelainika. Nikifumba macho bado nayaona matapishi kifuani, na bado nalisikia bomba la lile bafu likidondosha maji huku najifuta peke yangu. Mama yako namwonea kinyaa. Ndugu yako nikimkumbuka natema mate. Na wewe nakuonea kinyaa, nikuambie wazi, siku nyingine mwandiko wako tu unatosha. Hakuna dawa ya kumeza kwa kinyaa cha aina hii. Lakini nilikuona ukivuta ile pumzi, na sijui nifanye nini na nilichokiona.

Nimezungumza na mama. Kuna chumba cha uani kimekaa bure, kina madirisha mawili yanayotazamana. Hapa mtaani viti vibovu ni tele, na sindano ya mkono haina umeme, unaweza kushona umekaa chini. Dawa zako nitazisimamia. Viazi nitachemsha na kuviacha vipoe. Kitandani kwangu sijakuita.

Jumamosi dereva anapita huku, panda naye. Ukinikaribia ukachefukwa, chefukwa. Usinidanganye, wala usiniombe radhi kila mara kama mgeni aliyekanyaga mkeka. Mimi nami nitakuwa nachefukwa nawe. Tukae hivyo hivyo, tuone nani atachoka kwanza.

Mkeo,
Mama Chiriku